Eneo la bure bondeni au kilimani penye mikorosho: kituo cha afya tukijenge wapi?

Swali: Shikamoo mtaalamu. Mimi ni katibu wa kamati ya ujenzi katika kijiji kimoja huku Mtama, mkoani Lindi, si mbali na Mto Lukuledi. Tumepata fedha za kujenga kituo cha afya na tuna maeneo mawili mkononi. La kwanza liko bondeni, limepakana na barabara, ekari nane, mzee mmoja kalitoa bure. La pili liko kilimani, kama kilomita tatu kutoka barabarani, ndani ya mikorosho ya kaya sita ambazo zinataka fidia. Mhandisi anasema bondeni msingi unachimbika kirahisi, na tuharakishe kabla ya Juni 30 fedha zisije zikarudi. Mimi nimelima kule bondeni, najua maji hukaa, na hata sasa yapo. Nikisema, naambiwa napinga maendeleo. Je, sheria inatulazimisha kufanya tathmini ya mazingira? Na tuchague lipi?

Jibu: Marahaba, ndugu katibu. Nianze na swali lako la mwisho kwa kuwa ndilo linalokunyima usingizi: bondeni msijenge. Lakini na kilimani msikimbilie kusaini, maana hujaniambia maji ya kituo yatatoka wapi kule juu, na kituo cha afya kisicho na maji ni majengo tu. Naona kosa la kamati yenu limeanzia mapema zaidi, pale mlipokubali kwamba kijiji kizima kina maeneo mawili tu ya kuchagua. Nitarudi hapo.

Kwanza bonde. Mikoa yetu ya Kusini ina msimu mmoja wa mvua, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili, wakati mwingine mwanzoni mwa Mei. Sasa angalia maeneo mengi ya miradi huchaguliwa lini: Agosti, Septemba, Oktoba, wakati magari ya wakubwa yanapita kila mahali na bonde limekauka, tambarare, halina mti mkubwa wa kung'oa. Anayeliona siku hiyo huliona eneo zuri kweli. Wewe umeandika mvua zikiwa bado zinanyesha, na hiyo ni bahati kubwa kuliko mnavyodhani. Leo hii nenda na wajumbe wawili mkachomeke vijiti pale maji yalipofika, mpige picha kwa simu inayoonyesha tarehe, mrudie kila baada ya mvua kubwa. Kazi hiyo haina gharama, na hakuna ripoti ya mshauri atakayekuja kiangazi itakayoipita.

Mvua ikikatika, dalili haziondoki zote. Tazameni matawi ya chini ya miti na vichaka: majani makavu na nyasi zilizonasa kwenye matawi zote zikielekea upande mmoja ni alama ya maji yaliyopita, na urefu wa zilipokwama ndio urefu wa maji. Matete na mafunjo hayaoti pakavu. Kuna ushahidi mwingine ambao wanakamati huupita kila siku bila kuuona: mpunga. Kama kina mama wa kijiji wanalima mpunga pale kwa mvua tu, bila mfereji wala pampu, basi maji yanatuama hapo kwa wiki kadhaa kila mwaka, kwa sababu mpunga hauishi kwa porojo. Waulizeni hao kina mama kabla ya kumuuliza mtu mwenye ramani. Mhandisi amelitazama eneo kwa saa moja. Wao wamesimama ndani yake hadi magotini tangu usichana.

Kuhusu hoja kwamba msingi unachimbika kirahisi. Ni kweli, na ndiyo sababu ya kuwa na wasiwasi. Udongo mweusi wa mabondeni huvimba ukilowa na kusinyaa ukikauka. Pitieni pale Oktoba mtaona nyufa zinazoingia kidole. Jengo likikaa juu yake hunyanyuliwa na kushushwa kila mwaka, na kwa kuwa haliendi lote kwa usawa, kuta hupasuka kuanzia kwenye pembe za madirisha na milango. Wahandisi wana dawa yake: kuuondoa udongo huo na kuweka kifusi kizuri, au kubadilisha aina ya msingi. Zote mbili ni pesa, na ramani za kawaida zinazoletwa na halmashauri pamoja na makadirio yake mara nyingi huwa zimehesabu udongo mzuri.

Mtaambiwa basi tujaze kifusi. Tupige hesabu. Kuinua nusu hekta tu, yaani ekari moja na robo hivi, kwa mita moja kunahitaji meta za ujazo 5,000. Tipa la meta za ujazo 10 litakwenda safari 500, na hapo hujahesabu kwamba kifusi kikishindiliwa hupungua. Kifusi chenyewe kinachimbwa mahali fulani, na hilo shimo litabaki limejaa maji na mazalia ya mbu, jirani na watoto. Halafu maji yaliyokuwa yakikaa kwenye nusu hekta yenu hayatoweki, yanahamia kwa jirani wa upande wa chini, ambaye mwakani atakuja ofisini kwa mtendaji na kesi. Wekeni gharama hiyo pembeni ya fidia ya mikorosho ya kaya sita, ndipo mtajua kipi ni cha bure.

Lakini hoja nzito zaidi si ufa wala kifusi. Kituo cha afya ni jengo linalohitajika zaidi siku ambayo kila kitu kingine kimeshindikana. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipofika, mvua iliyonyesha Kilwa kwa siku moja ilizidi wastani wake wa mwezi mzima wa Mei, na barabara kuu ya Lindi kwenda Dar es Salaam ikakatika. Aprili 2019 kimbunga Kenneth kilitutisha Mtwara kabla ya kuangukia Cabo Delgado, Msumbiji, ng'ambo ya Ruvuma. Na wazee wa Lindi mjini bado wanasimulia habari za kimbunga cha Aprili 1952. Siku kama hizo mjamzito mwenye uchungu hawezi kupelekwa hospitali ya Nyangao wala ya Sokoine. Ana hapo kijijini tu. Kwa hiyo swali la kuuliza kila eneo ni hili: siku mvua imenyesha usiku kucha, nani anaweza kufika kwa miguu au kwa bodaboda, na nani hawezi? Bonde lenu lipo pembeni ya barabara, lakini kama barabara yenyewe inazama hapo, ukaribu huo ni wa kiangazi tu.

Sasa yale ambayo kituo cha afya kinayo na shule nyingi hazina. Kina shimo la maji taka na shimo la kunyonyea, yaani la kuyaacha maji hayo yazame ardhini, kina shimo la kondo la nyuma, kina kichomea taka. Haya ndiyo yanayoamua eneo, kuliko hata jengo la wagonjwa wa nje. Vitu hivi vikizikwa pale ambapo maji ya ardhini yanapanda hadi karibu na uso, uchafu wote unaingia kwenye visima vya kijiji. Chini ya shimo panatakiwa pabaki walau mita moja na nusu au mbili za udongo mkavu kabla ya kufika usawa wa juu kabisa wa maji, ule wa masika, na kisima kiwe mbali kwa mita zisizopungua 30. Penye mchanga mwingi ongezeni umbali.

Mtaujuaje usawa wa masika ikiwa mmechimba wakati wa kiangazi? Chimbeni shimo la majaribio la mita mbili na nusu hadi tatu, kila kona moja. Hakikisheni kuta haziporomoki, na mtu asishuke peke yake. Kisha tazameni rangi ya ukuta wa shimo. Udongo mwekundu au wa kahawia usiobadilika kutoka juu hadi chini umekuwa ukipata hewa mwaka mzima. Mkianza kuona mabaka ya kijivu yamechanganyika na ya rangi ya kutu, hapo ndipo maji hufika kila mwaka, hata kama leo shimo ni kavu kabisa. Mkiyaona mabaka hayo kwa kina cha mita moja, hakuna shimo la kondo la kuchimbwa hapo.

Jaribio la pili fanyeni jioni. Chimbeni kishimo cha upana wa sentimita 30, kina kama cha shimo la kunyonyea mnalokusudia au walau sentimita 60. Kijazeni maji, mkiache usiku udongo ushibe. Asubuhi mwageni tena maji hadi sentimita 30, chomekeni rula au kijiti chenye alama, mtazame saa. Maji yakichukua zaidi ya saa moja kushuka milimita 25, shimo la kunyonyea halitafanya kazi, litafurika uwanjani. Yakitoweka kwa dakika moja tu, nayo ni mbaya kwa namna yake, kwani maji taka yatapita bila kuchujwa na kufika kwenye maji ya chini. Mchanga wa maeneo ya juu huku kwetu unaweza kuwa hivyo, kwa hiyo jaribio hili lifanyeni na kilimani. Msidhani kilima kimesamehewa.

Kwa kuwa mtakuwa mnachimba: Lindi ndiyo mkoa wenye Tendaguru, walikochimba Wajerumani kati ya 1909 na 1913 wakapeleka Berlin mifupa ya dinosaria inayoonekana huko hadi leo. Mkikuta mfupa uliogeuka jiwe, au vigae vingi vya vyungu vya kale, simamisheni kazi na mtoe taarifa kupitia afisa utamaduni wa wilaya. Haitokei mara nyingi. Ikitokea, ni kheri ijulikane kwenye shimo la majaribio kuliko kwenye msingi.

Kichomea taka nacho kina mahali pake. Pepo zetu zinajulikana na kila mvuvi: kusi inavuma kutoka kusini-mashariki miezi ya katikati ya mwaka, kaskazi inatoka kaskazini-mashariki miezi ya Desemba hadi Machi. Zote mbili zinakuja na upande wa mashariki. Kwa hiyo kichomea kikae mwisho wa magharibi wa kiwanja, moshi uende mbali na wodi, na msiruhusu nyumba zijengwe upande huo. Kama tayari nyumba zipo magharibi, eneo hilo lina kasoro ambayo haitibiki kwa bomba refu.

Swali lako la sheria. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira Na. 20 ya 2004, kifungu cha 81, inataka tathmini ya athari kwa mazingira ifanyike kabla ya mradi kuanza au kugharimiwa, kwa miradi inayoangukia katika orodha yake. Kanuni za 2005, zilizorekebishwa 2018, zimegawa miradi katika makundi kulingana na uzito wa athari, na si kila mradi unahitaji utafiti mkubwa. Mradi wa kiwango chenu husajiliwa kwanza, kisha huchujwa ili ijulikane unahitaji nini. Anayewajibika ni mwenye mradi, yaani halmashauri, wala si kamati ya kijiji. Kazi yenu ni kumwandikia Mkurugenzi, nakala kwa afisa mazingira wa halmashauri, mkiuliza kwa maandishi kama mradi umesajiliwa na uamuzi wa mchujo ni upi. Wakisuasua, ofisi ya kanda ya NEMC, chombo cha taifa cha usimamizi wa mazingira, iko Mtwara. Kifungu cha 57 cha sheria hiyohiyo kinazuia shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto. Pimeni kwa kamba kutoka ukingo wa Lukuledi au kijito chake. Inawezekana sehemu ya hizo ekari nane haikuwa ya kugawiwa na mtu yeyote.

Halafu hiyo zawadi ya mzee. Simtilii shaka nia yake. Ila wewe unazijua mila za kwetu. Miongoni mwa Wamwera, Wamakonde, Wamakua na Wayao ardhi nyingi imepita upande wa mama, na mjomba na wapwa wana sauti ambayo haionekani kwenye karatasi. Mzee anaweza kusaini leo kwa moyo mweupe, akafariki, na mwakani wapwa zake wakaja na hoja kwamba lile halikuwa la kwake kutoa, bali la ukoo wa bibi yao. Eneo lolote la kupewa, liwe bondeni au popote, linahitaji kikao cha ukoo chenye mke, watoto wakubwa, wajomba na wapwa, majirani wa mipaka wakiwepo, kisha muhtasari wa halmashauri ya kijiji, kisha mkutano mkuu wa kijiji. Bila muhtasari mnajenga kwenye ardhi ya mazungumzo.

Hukohuko ulizeni mambo yanayosemwa kwa sauti ya chini: makaburi yasiyo na alama, mahali pa matambiko, mahali walipokuwa wanawekwa vijana wa jando. Kuhamisha kaburi kuna sheria yake ya mwaka 1969 na kuna heshima yake, na vyote viwili vinataka muda.

Kilimani. Fidia si uadui kwa maendeleo. Mkorosho unachukua miaka kadhaa mpaka kuzaa sawasawa, na ukishazaa unamlisha mwenye nao miaka mingi. Ni akiba ya mtu. Anayetakiwa kuthamini ni mthamini aliyesajiliwa, kwa viwango vya Mthamini Mkuu wa Serikali, na fidia kamili haiishii kwenye ardhi na miti: ina posho ya usumbufu, na inapohusika, usafiri, malazi na upotevu wa faida. Malipo yakichelewa zaidi ya miezi sita, riba inaanza kudaiwa. Watu wa Likong'o, kule kulikotengwa kwa mradi wa gesi asilia ya kimiminika, walikaa miaka wakisubiri hadi walipoanza kulipwa 2020, na katika muda wote huo mtu hajui apande au asipande. Msiwafanyie hivyo kaya sita za jirani zenu. Kama halmashauri haina fedha ya fidia kwenye bajeti hii, bora mlijue sasa. Njia nyingine ni kubadilishana: kijiji kikiwa na ardhi ya akiba inayofaa korosho, baadhi ya wenye mashamba watakubali, hasa wenye miti iliyozeeka. Ridhaa yao iwe ya hiari na ya maandishi.

Wala si lazima eneo lote la kilimani lifyekwe. Zungusheni mpaka mkikwepa miti yenye kuzaa vizuri, na mingine iacheni iwe kivuli cha wanaosubiri wagonjwa. Muhimu zaidi juu huko ni maji ya mabati. Paa za mita za mraba 1,500 zikipata mvua ya milimita 100 zinamwaga lita 150,000, na kwenye mchanga wenye mteremko maji hayo yakiachwa yaanguke ovyo yatachimba korongo ndani ya misimu michache. Anayebisha atembee Newala kwenye ukingo wa uwanda wa Makonde aone makorongo yanavyokula kuelekea makazi. Wekeni mifereji ya paa na matangi tangu kwenye makadirio ya kwanza. Mtapata na sehemu ya maji ya kituo, ingawa ya mvua peke yake hayatoshi kufika Oktoba, kwa hiyo RUWASA, wakala wa maji vijijini, waseme kwa barua bomba linaweza kufika au kisima kitachimbwa kwa kina gani. Na kama kilima chenu kinapakana na msitu wa hifadhi, kwa mfano upande wa Rondo, TFS, wakala wa huduma za misitu, waonyeshe mpaka kabla hamjafyeka hata kichaka.

Sasa eneo la tatu. Kati ya bonde na kilima kuna mteremko, na sijasikia ukiutaja. Anzeni pale vijiti vyenu vya mvua vilipokomea, pandeni taratibu kuelekea juu, mkitafuta mahali ambapo udongo umegeuka kuwa mwekundu au wa kahawia, mteremko ni wa kawaida, barabara inafikika kwa umbali mfupi na mikorosho ni michache. Mara nyingi patakuwa na ardhi ya shule ya msingi isiyotumika, au shamba ambalo mwenyewe yuko Mtwara au Dar na yuko tayari kuzungumza. Ningeanza hapo, ndipo nikubali kilima iwapo mteremko umekosa eneo na RUWASA wamejibu. Bonde halimo kwenye orodha yangu hata kama mengine yote yamekwama.

Juu ya Juni 30: hofu hiyo ni ya kweli, sitaki kukudanganya. Lakini mashimo ya majaribio, jaribio la maji, kikao cha ukoo na mkutano mkuu vinaweza kukamilika ndani ya wiki tatu mkigawana kazi. Kwenye kikao usiseme unapinga eneo. Omba tu kwamba mhandisi aandike na kusaini kuwa ameliona eneo likiwa na maji na kwamba msingi uliopo kwenye ramani unafaa kwa udongo huo, na hayo yaingie kwenye muhtasari. Nimeona ombi hilo likibadilisha mazungumzo yote bila mtu kupandisha sauti.

Na mzee msimwache akasikia mkutanoni kwamba zawadi yake imekataliwa. Mwenyekiti aende nyumbani kwake na wazee wawili anaowaheshimu, wamweleze habari ya maji na mashimo ya kondo, wamwombe bonde libaki la mpunga, na kama ana kipande kwenye mteremko, ndipo wakiulizie.